Nilisema Sawa Nikiwa Nimelala

Mwaka nilipougua mgongo, kila mtu aliyeingia nyumbani kwetu mtaa wa Simi-Simi alikuwa na ushauri wa jinsi ninavyopaswa kukaa. Jirani alisema niegemee ukuta. Mchungaji alisema nipige magoti. Tonton Achille, mdogo wa marehemu baba yangu, alisema niinue kidevu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mgongo mbovu. Nayaandika haya kwa ajili yako wewe uliye nao, au unayemuuguza aliye nao, na sitakueleza namna ugonjwa unavyoingia mfupani, maana daktari alinieleza mara nyingi na bado sijaelewa. Kilikuwa kifua kikuu, ila kilikaa kwenye uti wa mgongo. Ndiyo, kinaweza kwenda huko. Mimi pia nilibisha.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia na bado ni mwalimu wa jiografia. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna miezi watu walilizungumza kama jambo lililokwisha, nami nipo hapo hapo nawasikia.

Maumivu yalianza na mvua kubwa za Oktoba. Nikalaumu godoro, kisha ndoo za maji, kisha umri. Jioni nilipata homa ndogo, nikameza dawa za malaria kama sote hapa tunavyofanya kwa kila kitu. Nguo zikaanza kunipwaya. Kikwembe nilichokifunga asubuhi kilikuwa kinashuka kabla ya saa sita, na wenzangu shuleni wakanisifu kwamba nimepungua vizuri. Kufikia Noeli nilikuwa natembea nimeinama, mkono mmoja juu ya goti, nikawa nawatambua watu kwa viatu vyao.

Kuinama nako kuna tabia yake. Mtu anayetazama chini kutwa hawazi mbali zaidi ya hatua inayofuata. Mimi nilikuwa mtu wa kupanga, hadi watoto wangu walinikimbia nikianza kupanga. Sasa niliulizwa tutakula nini kesho nikaona kesho iko mbali mno. Nilidhani ni uchovu wa homa. Ulikuwepo uchovu, lakini ilikuwepo pia ile kazi ya kutazama vumbi kuanzia asubuhi hadi jioni.

Neema, binti yangu mkubwa, ndiye aliyekiona kinundu. Alikuwa ananifunga zipu ya gauni la kanisani, zipu ikagoma katikati ya mgongo. Akajaribu tena. Kisha akanyamaza, na Neema si mtu wa kunyamaza. Kesho yake akanipakia kwenye toleka, zile baiskeli za abiria za mjini kwetu, akatembea kando yake hadi hospitali huku akimgombeza mwendeshaji kwa kila shimo.

Ningependa siku moja kukutana na mtu aliyeamua kwamba wagonjwa wa mgongo wasubiri kwenye benchi zisizo na egemeo. Nina mengi ya kumwambia. Tuliketi barazani chini ya mabati, kwa sababu wagonjwa wa kifua kikuu wanatakiwa kupata hewa, na mvua ikija na upepo tulipata hewa na maji pia. Tulikaa wote namna moja, viwiko magotini na vichwa chini, kama wanafunzi waliokamatwa. Daktari anatoka, anaita jina, anarudi ndani, na unagundua kwamba jina lilikuwa lako wakati mlango umeshafungwa. Mama mmoja muuza makemba, zile ndizi za kupika, ambaye alikuwa anakuja na mto wake mdogo kutoka nyumbani, alinisukumia ule mto mgongoni bila kusema neno, akabaki hivyo hivyo hadi alipoitwa. Sikuwahi kujua jina lake. Ninamwombea hadi leo.

Picha ya mgongo ilipotoka, daktari aliniandikia dawa za miezi mingi, akasema nitatengenezewa korse ya plasta ya kushika mgongo. Hadi hapo nilale chali juu ya kitu kigumu. Tukauliza korse ni lini. Fundi wa plasta alikuwa amesafiri. Anarudi lini? Hakuna aliyejua. Dawa nilianza kumeza asubuhi kabla ya kula, mkojo ukawa mwekundu kama bisapu, ile juisi ya maua mekundu, na nilitapika mpaka nikazoea ladha ya kutapika.

Sasa nifike kwenye kosa la mume wangu. Papa Neema ni mtu wa Maniema, karani wa serikali, mtu mpole anayetii maagizo. Mbao za kulalia hazikuenea chumbani. Basi akatoa makochi yote sebuleni, akayapanga uani chini ya turubai yasinyeshewe, akalaza mbao sakafuni, juu ya mbao godoro jembamba, na juu ya godoro mimi. Kwetu hapa, nyumba ambayo viti viko uani chini ya turubai na mwanamke yuko kwenye godoro sakafuni ni nyumba yenye matanga. Haihitaji tangazo. Asubuhi ya kwanza jirani yetu aliingia getini amejifunga kitambaa kiunoni, analia kwa sauti, akafika mlangoni, akaniona namtazama, akanyamaza. Nikamuuliza nani amekufa. Akasema amepita tu kunisalimu.

Tungecheka siku hiyo yakaisha, lakini watu hawawezi kuingia kwenye nyumba iliyopangwa vile wakawa na tabia nyingine. Wanawake walivua viatu, wakaketi sakafuni, miguu mbele, shavu mkononi. Walizungumza kwa sauti ya chini. Walileta sukari na majani ya chai. Walisema nilikuwa mwalimu mzuri, nilikuwa mtu wa watu. Wanaume hawakuingia kabisa. Walikaa uani kwenye makochi yangu, kama wanaume wanavyokaa matangani, na kama inavyokuwa matangani, mambo yote yakawa yanaamuliwa huko uani, kisha mtu mmoja anatumwa ndani kuleta habari.

Na mimi nikaanza kusema sawa.

Nikueleze hili vizuri, maana ndilo lililonifanya niandike. Ukilala chali, unawaona watu kuanzia kidevuni na puani. Hakuna mtu anayeweza kubishana na pua. Wanasimama juu yako, wanasema jambo, wewe huoni macho yao, na kabla hujapata neno wamekwisha kugeuka. Mwalimu mwingine atachukua madarasa yako. Sawa. Mtoto wako mdogo atahamia kwa shangazi yake mtaa wa Mangobo. Sawa. Sikuwa nimekubali kwa moyo. Neno lilitoka tu, kwa sababu lilikuwa fupi na sababu za kukataa zilikuwa ndefu. Nililia baadaye, machozi yakaingia masikioni, na hata hayo sikuweza kuyafuta vizuri.

Tonton Achille ndiye aliyenikasirisha kuliko wote. Anafanya kazi ofisini, na Jumamosi anaendesha semina za maendeleo ya mtu binafsi katika ukumbi wa kanisa. Yeye aliingia ndani, naomba nimpe haki yake. Alisimama kwenye ncha ya mbao zangu, miguu ameitanua, mikono kiunoni, kifua mbele, akanionyesha jinsi mshindi anavyosimama. "Mwili iko chef," alisema, yaani mkubwa wa ofisi, "akili iko secrétaire tu. Mwili ikikaa ya mutu mukubwa, akili inafuata. Donc inua kidevu." Nilikuwa nimelazwa kama samaki kwenye meza ya soko, na mtu ananiambia niinue kidevu. Nikamwambia sawa.

Kisha akaja yaya Georgette. Huyu ni dada yangu mkubwa, mama mmoja baba mmoja, anakaa Isangi na anauza samaki wa kukaushwa, na tangu mama yetu afe ndiye mama yetu. Alikaa uani na wanaume siku nzima. Jioni akaingia, akachuchumaa karibu na kichwa changu, akanishika paji la uso. Alisema uamuzi umefikiwa. Nitapelekwa Isangi kwa boti. Huko kuna papa mmoja, mzee anayekanda migongo mpaka inanyooka, na dawa za hospitali tutaziacha kwanza, maana zinanitapisha bure. Nikasema sawa. Papa Neema alikuwa mlangoni, anatazama vidole vyake vya miguu. Baadaye nilimlaumu, naye akanijibu ukweli ambao kila mwanamume aliyeoa hapa anaujua: angewakatalia wakwe, halafu nife, kifo changu kingekuwa chake mbele ya ukoo mzima. Nilielewa. Sikupoa, lakini nilielewa.

Fundi wa plasta alirudi na mvua za Machi, kabla ya boti. Hospitalini walinisimamisha nikiwa nimeshikwa makwapani, wakanizungushia vitambaa vilivyolowa kuanzia chini ya matiti hadi nyonga, vikawa moto, kisha vikawa vigumu. Wakaniketisha kwenye kiti chenye egemeo. Dunia ilizunguka, nikamtapikia fundi viatuni, naye akasema ni kawaida, wote wanatapika hapo. Nikakaa. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki nyingi kuona uso wa mtu mzima kutoka mbele. Muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye haraka, alikuwa anaandika kwenye meza, macho yetu yakakutana, na swali likanitoka lenyewe. Nilimuuliza nikienda kukandwa itakuwaje.

Aliacha kuandika. "Mama, ule mufupa iko sawa biskuti ndani ya chai. Batu bakikanda pale, miguu inakufa. Na ukiacha dawa, unakufa weye muzima. Nani alikuambia mambo ile?"

Basi nilikuwa nimejua. Nilirudi nyumbani najua, na Neema alikuwa amesikia pia, tena njia nzima alikuwa anafoka. Wakanilaza kwenye mbao zangu ili nipumzike. Yaya akaja akasimama juu yangu, akasema boti linaondoka siku ya soko na nguo zangu ameshazifunga. Na mimi, mwanamke mwenye shahada, niliyetoka kuambiwa kwamba nitapooza au nitakufa, nikasikia mdomo wangu unasema sawa.

Nilijikasirikia mpaka plasta ikanibana. Nilikuwa mtu yule yule wa saa mbili zilizopita, ugonjwa ule ule, korse ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kule nilikuwa nimekaa na hapa nilikuwa nimelala. Halafu likanijia jambo baya zaidi, kwamba huenda Tonton Achille ana hoja. Nilikuwa tayari kupooza kuliko kukubali hilo, lakini si kweli, sikuwa tayari kupooza.

Nikamwita Neema, nikamwambia alete kiti. Akasema viti viko uani, watu wamevikalia. Nikasema basi nipelekwe vilipo viti. Papa Neema akasema mama, mvua inakuja, subiri hata kesho. Kesho ndiyo ilikuwa siku ya soko. Nikamwambia kama hanibebi nitatambaa, na plasta ikivunjika atamweleza yeye fundi. Wakanibeba yeye na Neema, mikono yangu mabegani kwao, miguu inaburuzika. Tulipotokea mlangoni wale wanaume walisimama wote pamoja. Nadhani walidhani nimekufa kweli, kisha wakaona nimefumbua macho, na hilo likawatisha zaidi. Walinikalisha kwenye kochi langu mwenyewe, lile la pembeni lenye egemeo refu. Nikasubiri kizunguzungu kipite. Nikawatazama mmoja mmoja usoni, na hakuna aliyejua aweke wapi mikono yake.

"Matanga ya nani iko hapa?" nikauliza.

Yaya Georgette akaja mbio kutoka jikoni, akasema nirudi nikalale, nitachoka.

"Niko muchovu tayari, yaya. Sitaenda Isangi."

"Lakini ulisema sawa. Batu bote balisikia."

"Nilisema sawa nikiwa nimelala. Sasa nimekaa, nasema hapana."

Sauti yangu ilitetemeka na nilikuwa natoka jasho, si picha ya mshindi hata kidogo. Nikawaeleza alichosema muuguzi, Neema akathibitisha neno kwa neno na kuongeza yake. Papa Neema alisimama nyuma ya kochi langu, akaweka mkono juu ya egemeo, akasema kwa sauti ndogo kwamba mgonjwa mwenyewe ameongea. Hiyo ilimtosha, sasa neno lilikuwa langu na si lake. Tonton Achille akapiga makofi, akawaambia wote, bon, mumeona, si nilisema? Nilitamani kuwa na kitu cha kumtupia.

Yaya hakubishana. Alifungua furushi la nguo zangu pale pale, akazitoa moja moja, akaziweka kwenye mapaja yangu. Kesho yake akaondoka na boti peke yake. Hakunipigia simu. Nilipompigia, mtoto wake alipokea akasema mama yuko sokoni, hata siku ambazo Isangi hakuna soko. Huo ndio uchungu ambao korse haikuushika. Nilimkatalia mtu aliyenilea, mbele ya watu, na sikujua kama nitapata tena nafasi ya kumsalimu.

Makochi yalirudi ndani jioni ile ile. Mbao zangu zikahamia chumbani baada ya Papa Neema kukata ncha zake kwa msumeno, kazi ambayo angeweza kuifanya tangu Januari. Nikaweka sheria nyumbani: swali lolote lenye uzito niulizwe nikiwa nimekaa, na anayeniuliza akae pia. Dawa nilizimeza nimekaa. Chakula nilikula nimekaa, lituma, ndizi za kupondwa, kidogo kidogo. Mtoto akarudi kutoka Mangobo.

Usinielewe vibaya. Kukaa wima hakukuniponya. Dawa ndizo zilizoniponya, na nikisikia Tonton ananitaja tena kwenye semina zake nitakwenda huko na karatasi za hospitali. Kuna siku nilikaa wima kabisa, kifua mbele, nikalia. Kama daktari wako amesema ulale, lala. Lakini waambie watu wakae chini, uso kwa uso nawe, kabla hawajakuuliza chochote, na ukisikia unasema sawa haraka, omba muda. Nguvu ya kuendelea na dawa haikunijia kwa maombi wala kwa semina. Ilinijia kila asubuhi nilipowekwa kwenye kiti nikaona barabara, watoto wa shule wanapita, na nikakumbuka kwamba kuna mtu anawafundisha vibaya mambo ya mito.

Plasta ilikaa nami kipindi chote cha joto. Ilinuka. Iliwasha hadi nikawa na mawazo mabaya. Neema alisugua ncha ya spoki ya baiskeli mpaka ikawa laini, akawa ananikuna kwa ndani taratibu, na sijui kama kuna upendo mkubwa zaidi ya huo. Ulipofika msimu wa viwavi wa kula wakanipasua plasta, wakanipa korse nyepesi ya mikanda. Ngozi ya chini ilikuwa nyeupe na mbavu zilihesabika, na kinundu kilikuwepo pale pale. Kipo hadi leo. Hakuna aliyeniahidi kwamba kitaondoka, ila mimi nilikuwa nimejiahidi. Septemba nilirudi darasani, nikifundisha nimekaa, na wanafunzi waliokuwa wananiigiza nilivyoinama wakapata kitu kipya cha kuigiza.

Mwisho wa dawa uliangukia katika zile wiki kavu baada ya Mwaka Mpya. Nilikwenda kuchukua majibu ya mwisho, na barazani, kwenye ile benchi, nikamkuta yaya Georgette. Neema alikuwa amemwambia siku. Amekuja na boti, ana samaki kwenye kapu miguuni. Sikukaa, ile benchi sikuikalia tena. Tulisalimiana kama watu wa ofisini. Daktari akaniita, akasema imekwisha, nisimeze tena, nikatoka nikamwambia yaya imekwisha. Aliitikia kwa kichwa. Nikaona nimalize lililobaki, nikamwambia sasa ningeweza hata kwenda kumsalimia yule papa wake wa kukanda, mradi asiniguse.

Alipanga kitambaa cha kapu. Kisha akasema, "Ule papa alikufa zamani."

Nikamuuliza zamani lini. Kabla sijaugua, alisema. Hakukuwa na mtu wa kukanda. Alipofika kwetu, akaona turubai, akaona makochi uani, akaniona pale chini nilivyokuwa, alijua nimekwisha. "Maiti kwenye mto iko mateso, mudogo yangu. Boti zinakataa. Nilikuwa nakupeleka ungali na pumzi, nikuzike karibu na mama."

Nilisimama pale nikiwa na hasira ambazo sikujua nizipeleke wapi. Mwaka mzima nilikuwa nimejivunia kumkataa mganga, na kumbe nilichokisemea sawa, mara mbili, kilikuwa mazishi yangu. Yaya alikuwa analia bila sauti, mikono juu ya kapu. Mgongo wangu hauinami tena, kwa hiyo nilimwambia asimame, akasimama, nikamshika kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Nikamwambia siku nyingine akitaka kunizika aseme wazi, ili nimkatalie mapema.